Kuvu Nayo Ina Ghala Lake

(Maneno haya tuliyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vinavyoweka nafaka pamoja. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Leo hatukuja kukagua vitabu vya hesabu, wala kuuliza ni nani hajalipa mkopo. Tumekuja kuzungumza juu ya kuvu. Ile ya kijani mnayoiona kwenye gunzi la mahindi, kwenye mkate uliosahaulika, kwenye viatu vya ngozi wakati wa mvua. Na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe, maana mwalimu asiyekubali kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

KOSA LETU

Kuna kikundi tulichokuwa tukikitembelea. Mwaka huo mvua ilinyesha mahindi yakiwa bado shambani. Wanachama wakavuna haraka haraka, wakapura, wakatia kwenye magunia, wakayapanga moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, yakiegemea ukuta. Tulipofungua stoo baada ya majuma machache, harufu ilitupokea mlangoni. Ukitia mkono kwenye magunia ya chini, unasikia joto. Punje zimeshikana, zina rangi ya kijani na manjano.

Wakatuuliza, "Sasa tufanyeje?" Na sisi, na diploma yetu, tukajibu upesi: yatoeni, yasugueni, yaosheni, yaanikeni tena, halafu yapelekeni kwa mashine ya posho. Mwenye wasiwasi tukamwambia moto wa sufuria utamaliza yote.

Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa nyuma akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, nikiipika kuvu imekufa, hiyo ni sawa. Lakini ile chakula iliyokula, imeiweka wapi?"

Watu wakacheka. Nasi tukacheka, kwa sababu hatukuwa na jibu. Siku chache baadaye tukamwuliza afisa wa kilimo, naye hakucheka. Alituambia turudi mbio tukawazuie. Tulirudi, lakini nyumba kadhaa zilikuwa zimeshasaga na kula. Hatukuona mgonjwa siku hizo. Lakini sumu hii, kama tutakavyoeleza, haionyeshi kazi yake siku hiyo hiyo, na mpaka leo hatuwezi kusema kwamba hatukuwadhuru.

Basi maneno ya leo ni jibu la swali la yule mama. Tulichelewa kumjibu.

KUVU SI MMEA

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kuvu na uyoga ni mimea midogo. Sivyo. Mmea una majani mabichi, hupika chakula chake kwa jua. Kuvu haina jani. Haiwezi kujipikia. Ni lazima ile kilichopikwa na mwingine, kama sisi tu.

Lakini haina mdomo wala tumbo. Inafanyaje? Mwili wake ni nyuzi nyembamba sana. Uzi unapoingia kwenye punje ya mahindi, unatoa maji maji yanayovunja wanga wa punje kuwa sukari, nje ya mwili wake. Halafu ile sukari unaifyonza. Ni kama mtu angemwaga mate yake juu ya ugali, angoje uwe uji, kisha aunywe kwa ngozi yake.

Shikeni neno moja hapo: maji. Bila maji yale mate hayafanyi kazi, na sukari haifyonzwi. Tutalirudia neno hilo.

GHALA LA NDANI

Sasa sukari imeingia. Inaenda wapi? Sehemu yake kuvu huichoma papo hapo ipate nguvu ya kukua. Ndiyo sababu magunia yale yalikuwa na joto: punje zenye maji na kuvu zilikuwa zinachoma sukari ndani ya gunia. Lakini kuvu haichomi yote. Ina busara ya kikundi kizuri, huweka akiba.

Akiba yake iko ya namna tatu.

Ya kwanza inaitwa glikojeni. Hii ni sukari iliyounganishwa punje kwa punje ikawa mnyororo wenye matawi mengi, kama mti wa mwembe. Mahindi huweka akiba ya wanga, kuvu huweka glikojeni. Na je, ni nani mwingine huweka glikojeni? Ni wewe na mimi. Mfaransa Claude Bernard aliitoa kwenye ini mwaka 1857. Usiku ukilala bila kula, ini lako hutoa sukari kutoka ghala hilo kidogo kidogo, ili ubongo usikose chakula mpaka uji wa asubuhi. Kwa jambo hili kuvu ni jamaa yetu wa karibu kuliko mahindi.

Ya pili ni mafuta. Ukiangalia uzi wa kuvu kwa darubini unaona matone ya mafuta ndani yake. Mafuta hubeba nguvu nyingi katika nafasi ndogo, kama vile mkulima anavyopenda kuweka pesa badala ya kuweka viazi.

Ya tatu ni sukari ya namna ya pekee iitwayo trehalosi. Hii ina kazi mbili. Ni chakula, na tena ni kinga. Chembe hai ikikauka kwa kawaida huharibika, lakini yenye trehalosi ya kutosha huweza kukauka ikalala tu.

Akina mama, ninyi mnaijua hii kazi ingawa hamkuijua kwa jina. Mnanunua paketi ya hamira kwa ajili ya mandazi. Hamira ni kuvu. Ni kavu kama mchanga, imekaa dukani miezi mingi. Mnaitia maji ya vuguvugu na sukari kidogo, na baada ya dakika chache inatoa povu. Imeamka! Haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala na akiba yake.

UKUTA WA NYUMBA

Sehemu nyingine ya sukari hutumika kujenga. Chembe za mwili wetu zina utando laini tu kwa nje. Chembe ya kuvu, juu ya utando huo, ina ukuta kamili.

Hapa kuna jambo la kustaajabisha, nalo ni rahisi kulielewa kwa mtu aliyelima mahindi. Punje ya mahindi na bua la mahindi vimetengenezwa kwa sukari ile ile. Kwenye punje, sukari imeunganishwa kwa njia moja, ikawa wanga, unakula ugali. Kwenye bua imeunganishwa kwa njia nyingine, ikawa nyuzi ngumu. Ukitafuna hupati kitu, unampa ng'ombe. Kitu ni kimoja, tofauti ni jinsi kilivyofungwa.

Kuvu hufanya vivyo hivyo. Sukari ikifungwa kwa njia moja inakuwa glikojeni, chakula cha akiba. Ikifungwa kwa njia nyingine inakuwa glukani, nayo ni ya kujengea ukuta. Na kuna sukari nyingine ambayo kuvu huitia naitrojeni kwanza, kisha huifunga kwa mnyororo mrefu ulionyooka. Hiyo inaitwa kitini. Henri Braconnot, Mfaransa mwingine, aliipata kwenye uyoga mwaka 1811. Mwaka 1823 Auguste Odier akaipata kwenye maganda ya wadudu, naye ndiye aliyeipa jina. Kwa hiyo ukiona ganda gumu la mende au nzige, hicho ndicho kitu kilicho ndani ya ukuta wa kuvu.

Fikirini nyumba ya udongo. Kitini ni kama fito zilizosimama. Glukani ni kama kamba na udongo unaozishika fito. Kwa nje kuna lipu, nayo hutofautiana kuvu kwa kuvu. Fito peke yake huanguka, na udongo peke yake humong'onyoka. Vikishikana, nyumba inasimama.

Na fundi yuko wapi? Mafundi wamekaa ndani ya ule utando. Wanachukua sukari upande wa ndani, wanaiunga, na kuusukuma mnyororo nje, kama mama anayesuka kiondo akiongeza uzi kwa uzi. Kazi kubwa hufanyika kwenye ncha ya uzi wa kuvu. Pale nchani ukuta bado ni laini. Nyuma yake umeshakuwa mgumu. Maji yaliyo ndani husukuma ile ncha laini mbele, kama hewa inavyosukuma tyubu ya baiskeli. Ndivyo kuvu inavyopenya mpaka ndani ya punje.

Tumesema tena maji. Maji yakikosekana ndani, ncha haisukumwi na kuvu hairefuki.

Mnataka ushahidi wa ukuta huu? Pikeni sukuma wiki kwa saa nzima, italainika mpaka iwe rojo. Pikeni uyoga kwa saa hiyo hiyo, bado utautafuna. Kitini haiyeyuki kwa kuchemka.

VIMBEGU VINAVYONGOJA

Kuvu ikikomaa hutoa vimbegu vidogo sana, ile unga unga ya kijani inayopaa ukipuliza gunzi. Kila kimbegu kina ukuta wake na akiba yake ndani, ikiwamo ile trehalosi. Vimo kwenye udongo, kwenye vumbi, kwenye magunia ya mwaka jana. Kwa hiyo msidanganywe na mtu anayesema shamba lake au stoo yake haina kuvu. Vimbegu viko kila mahali, vinangoja.

Vinangoja nini? Vinangoja maji. Maji yakipatikana, kimbegu hufungua akiba yake, huivunja ile trehalosi kupata nguvu ya kwanza, hulainisha ukuta mahali pamoja, na kutoa uzi mpya. Kuanika hakuui vimbegu vyote. Kuanika kunavinyima ruhusa ya kuamka. Basi mkishakausha mahindi halafu yakanyeshewa au yakafyonza unyevu wa sakafu, mmeviamsha wenyewe.

SUMU

Sasa tufike kwenye sehemu ya swali la mama inayoumiza. Kuvu moja iitwayo Aspergillus flavus, inayopenda nchi za joto kama yetu, hula mahindi na njugu karanga. Vile vipande vidogo inavyotumia kutengeneza mafuta yake ya akiba, hutumia vingine kutengeneza aflatoksini. Hiyo ndiyo sumu.

Kwa hiyo mama, ile chakula iliyokula imeiweka mahali pane: nyingine imeichoma, nyingine imeiweka akiba, nyingine imejengea ukuta, na nyingine imeigeuza sumu ikaiacha ndani ya punje yako. Ukipika, kuvu inakufa. Lakini sumu haifi, kwa sababu haikuwa hai. Moto wa jikoni hauimalizi. Haimalizwi kwa kuosha, wala kwa kusaga, wala kwa kupika busaa. Na sumu haina rangi wala ladha. Ukisugua ile rangi ya kijani umeondoa nguo ya mwizi tu, lakini mwizi yumo nyumbani.

Na sumu hii inaenda kupiga wapi? Inapiga ini, mahali pale pale tulipoweka ghala letu la sukari. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba, na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo miaka mingi, anaweza kupata saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mwenye virusi vya hepataitisi B.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1981 kule Machakos watu 20 waliugua kwa sumu hii na 12 wakafa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kufikia katikati ya Julai. Mahindi yao yalikuwa yamevunwa wakati mvua imekuja mapema, yakawekwa nyumbani yakiwa na unyevu. Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa, na waliogopa wizi shambani. Ni sababu zile zile tulizo nazo sisi.

Kiasi kinachoruhusiwa na sheria ya Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Tufanye hesabu ya kijijini: ni kama gramu 10 za sumu, kiasi kama vijiko viwili vya chai, zikitawanywa katika magunia 11,000 ya kilo 90. Ni macho ya nani yataona hiyo?

TUFANYE NINI

Tumeona kwamba kuvu haiwezi kula bila maji, haiwezi kusukuma ukuta wake bila maji, na haiwezi kufungua akiba yake bila maji. Basi vita yetu ni moja, tunyime maji. Hatuhitaji silaha ya gharama.

1. Vuneni mahindi yakikauka, msiyaache yakae shambani yangoje mvua. Msiyatupe gunzi kwenye udongo, tandikeni turubai.

2. Anikeni juu ya turubai au juu ya kichanja, si juu ya udongo. Jioni funikeni au ingizeni ndani, umande nao ni maji.

3. Punje zilizooza, zilizovunjika au zenye rangi, chagueni na mziondoe kabla hazijachanganyika na nzuri. Lakini gunia likishaonekana limeingiwa, kuchagua hakutoshi.

4. Pimeni ukavu. Mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama hamna mashine, tumieni chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tieni mahindi mpaka thuluthi moja, ongezeni kijiko kikubwa cha chumvi kavu, fungeni, tikiseni dakika tatu, kisha muiache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Isiposhika, msikimbilie stoo. Anikeni siku moja zaidi, kwa sababu chumvi haioni tofauti ya 15 na 13.5.

5. Inueni magunia juu ya mbao, na muyaweke mbali na ukuta. Saruji hunywa maji ya ardhini na kuyapandisha. Mkitumia mifuko isiyopitisha hewa, ni vizuri, lakini mahindi yawe makavu kwanza. Mahindi mabichi ndani ya mfuko huo yataharibika.

6. Dawa ya unga ya kuua dumuzi na fukusi haiui kuvu. Itumieni kwa kazi yake, kwa maana mdudu hutoboa punje na kufungulia kuvu mlango. Lakini msiseme, "Tumetia dawa, tumemaliza."

7. Mahindi yaliyoharibika msiwape kuku wala ng'ombe. Sumu inapita kwa ng'ombe na kutokea kwenye maziwa, na mtoto anakunywa. Wala msiyauze sokoni. Mwulizeni afisa wa kilimo jinsi ya kuyatupa.

MAHINDI YA MWENYEKITI

Tunajua hapo pa kutupa ndipo pagumu. Gunia ni karo ya shule. Gunia ni dawa ya mgonjwa. Kumwambia mama mjane kwamba mahindi yake hayaingii stoo si jambo dogo. Na kumwambia mwenyekiti ni kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo tunawaomba mpitishe jambo hili katika mkutano kabla ya mavuno, wakati hakuna mtu mwenye gunia mlangoni. Andikeni kwenye katiba ya kikundi: kila gunia litapimwa kwa chumvi mbele ya watu wawili, na lisilofaulu linarudi juani, hata kama ni la mwenyekiti. Tena nunueni turubai moja la kikundi kutoka kwa mchango, ili asiye na turubai asiaibike. Na mfuko mdogo wa kumsaidia aliyepoteza gunia ungekuwa jambo jema, kwa sababu mtu akijua atasaidiwa hatajaribu kuficha gunia bovu katikati ya mazuri.

Kile kikundi tulichokikosea kilifanya hivyo. Msimu uliofuata, chupa ya chumvi ilikuwa juu ya meza kando ya kitabu cha hesabu, na aliyechaguliwa kuitikisa alikuwa yule mama mzee aliyeuliza swali. Gunia la kwanza alilorudisha juani lilikuwa la mtoto wake mwenyewe.

 Kama kuna swali, ulizeni, hata likiwa la kuchekesha. Safari hii hatutacheka.